Mwenda Pole Hajikwai: Habari za Tai Chi, Zoezi la Wachina

Ukifika Beijing, mji mkuu wa Uchina, amka mapema kabla jua halijachomoza, uende katika bustani yoyote ya mji. Utawakuta watu, wazee kwa vijana, waume kwa wake, wamesimama kwa mistari chini ya miti. Hawasemi neno. Wainua mikono polepole kana kwamba wameitia ndani ya maji. Wageuka wote pamoja, wanyosha mguu mmoja mbele, wauweka chini taratibu kama paka anyemeleaye panya, kisha wageuka tena. Mtu asiyejua atadhani wana usingizi, au wanacheza ngoma isiyo na mpigaji.

Hawana usingizi hao. Wanafanya zoezi liitwalo tai chi. Jina lake kamili kwa Kichina ni taijiquan, na lile neno la mwisho, quan, maana yake ni ngumi. Ndiyo, ngumi! Zoezi hili la upole lilianza kuwa sanaa ya kupigana. Kila mkono unaoinuliwa kwa utaratibu namna ile, zamani ulikuwa pigo au kinga.

Basi, sanaa ya vita imegeukaje ikawa msaada wa magoti ya wazee? Nasi watu wa vijijini, tulio na majembe na mizigo ya kuni, yatuhusu nini? Fuatana nami, nitakueleza tangu mwanzo.

HADITHI YA NYOKA NA NDEGE

Wachina wengi husimulia kwamba mwanzilishi wa tai chi alikuwa mtawa mmoja wa dini ya Kidao, jina lake Zhang Sanfeng, aliyekaa katika mlima Wudang. Siku moja, wasema, alimwona ndege akipigana na nyoka. Ndege alishambulia kwa nguvu kwa mdomo wake mkali. Nyoka hakushindana naye kwa nguvu. Alijipinda, akakwepa, akageuka, na kila ndege alipokosa, nyoka alirudisha pigo. Mtawa akatafakari sana, akatunga sanaa ya kupigana kwa kukwepa na kugeuka.

Hadithi ni tamu, lakini wataalamu wa historia hawakupata ushahidi wa kuithibitisha. Katika miaka ya 1930 mtaalamu mmoja, Tang Hao, alifunga safari mwenyewe kwenda kutafuta asili ya zoezi hili. Hakuishia mlimani penye watawa. Utafiti wake ulimfikisha katika kijiji cha wakulima.

KIJIJI CHA UKOO WA CHEN

Kijiji hicho chaitwa Chenjiagou. Kipo katika wilaya ya Wen, jimbo la Henan, si mbali na Mto Manjano. Watu wake ni wakulima, na wengi wao ni wa ukoo mmoja, ukoo wa Chen. Katika ukoo huo palikuwa na askari aliyeitwa Chen Wangting, aliyeishi katika karne ya 17. Alitumikia serikali ya wafalme wa Ming. Mwaka 1644 ufalme huo ulianguka, nchi ikatawaliwa na wafalme wengine kutoka kaskazini. Chen Wangting, askari asiyekuwa tena na mfalme, aliishi kijijini kwake, akilima shamba na kuwafundisha watoto na wajukuu.

Aliyowafundisha ni mitindo ya kupigana. Mingi yafanana na ile aliyoiandika zamani jemadari maarufu Qi Jiguang, aliyefariki mwaka 1588. Lakini katika ukoo wa Chen mapigo hayo yaliunganishwa na mambo mengine mawili: namna ya kuvuta pumzi kwa utulivu, na fikira za wahenga wa Kichina juu ya ulaini na ugumu. Hapo ndipo wataalamu wengi wanapoona chimbuko la tai chi.

Kwa muda wa vizazi vingi elimu hii ilikaa kijijini, kama vile ukoo fulani unavyoshika siri ya uhunzi. Baba alimfundisha mwanawe. Mgeni hakufundishwa ovyo.

MGENI ALIYEJIFUNZA

Mgeni aliyebadili mambo alikuwa Yang Luchan, aliyezaliwa mwaka 1799 katika wilaya ya Yongnian, jimbo la Hebei. Hakuwa mtu wa mali. Alifika Chenjiagou akaishi huko miaka mingi, naye mwalimu wake alikuwa Chen Changxing. Wasimulizi husema kwamba mwanzoni alikuwa mtumishi tu, na usiku alichungulia kwenye tundu la ukuta kuwatazama watoto wa ukoo wakifundishwa, kisha akajizoeza peke yake gizani. Hata siku alipogunduliwa, mwalimu alistaajabu akamkubali. Huenda hadithi imetiwa chumvi. Lakini kwamba Yang alijifunza kwa Chen Changxing, hilo halina shaka.

Baadaye Yang alikwenda Beijing. Huko alipata sifa kubwa hata watu wakampa jina la Yang Asiyeshindwa. Alifundisha katika nyumba za wakuu wa ufalme. Sasa fikiri, msomaji: wakuu wale walivaa kanzu ndefu za hariri, wala hawakuzoea kuruka na kukanyaga ardhi kwa kishindo kama vijana wa shamba. Chini ya wanawe na wajukuu wake zoezi likazidi kulainika. Mjukuu wake, Yang Chengfu, aliyefariki mwaka 1936, ndiye aliyelipa sura ijulikanayo zaidi leo: mikono mipana, mwendo wa polepole, usio na kituo wala kishindo, tangu mwanzo hata mwisho.

Kutokana na shina hilo yalichipuka matawi mengine. Leo huhesabiwa familia kubwa 5 za tai chi: Chen, Yang, Sun, na mbili ziitwazo Wu, ambazo kwa maandishi ya Kichina majina yake ni tofauti.

BUNDUKI ZAFUNDISHA

Mwaka 1900 kulitokea vita vibaya nchini Uchina. Watu walioitwa Mabondia waliinuka kuwafukuza wageni, na Wakristo wengi sana, Wachina na wamisionari, waliuawa. Wengi wa Mabondia waliamini kwamba mazoezi yao na ibada zao zingewakinga na risasi. Hazikuwakinga. Majeshi ya mataifa 8 yaliingia Beijing, na imani ile ilikufa pamoja na walioishika.

Tangu hapo Wachina wenye akili waliona wazi kwamba ngumi haiwezi kushindana na bunduki. Sanaa za zamani zingeweza kusahaulika kabisa. Lakini mabingwa wa tai chi waliona jambo lingine: waliofanya zoezi hili walitembea vizuri uzeeni, wakasimama wima, wakalala usingizi mwema. Basi wakaanza kulifundisha kwa watu wote kwa ajili ya afya. Vitabu vikachapishwa. Sun Lutang alitoa chake mwaka 1921, na Yang Chengfu alitoa kingine mwaka 1934. Siri ya ukoo ikawa mali ya umma.

Mwaka 1956 serikali ya Uchina iliwaita mabingwa, wakatunga mfululizo mfupi wa mitindo 24, uliochukuliwa katika ule mrefu wa Yang. Mfululizo mrefu huweza kuchukua dakika 20 au zaidi; huu mfupi humalizika kwa dakika 5 au 6. Mfanyakazi aweza kuufanya kabla ya kwenda kazini. Mfululizo huo ndio unaofanywa na mamilioni ya watu leo.

Njia haikuwa tambarare. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kati ya 1966 na 1976, mambo mengi ya kale yalipigwa vita, na mabingwa kadha wa kadha waliaibishwa na kuteswa. Wengine walijizoeza kwa siri usiku. Machafuko yalipokwisha, zoezi lilirudi bustanini. Na mwezi wa Desemba 2020 shirika la UNESCO liliitia taijiquan katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu wote.

MAANA YA JINA

Tuingie sasa katika fikira zake, maana asiyezijua ataona mikono tu.

Neno taiji limetokana na maneno mawili. Tai ni kubwa kupita yote. Ji, kwa asili yake, ni ule mti wa juu kabisa wa nyumba, mahali pande mbili za paa zinapokutana. Wewe uliyewahi kujenga nyumba wajua: mti ule ukiondolewa, pande zote mbili huanguka. Lakini hauko upande wa kulia wala wa kushoto; washika pande zote mbili. Ndivyo Wachina wa kale walivyofikiri juu ya asili ya vitu vyote: jambo moja kuu, na chini yake pande mbili.

Pande hizo mbili zaitwa yin na yang. Maana yake ya kwanza si ya kutisha hata kidogo. Yin ni upande wa mlima ulio kivulini. Yang ni upande upigwao na jua. Mlima ni ule ule mmoja. Asubuhi upande huu una jua, jioni upande ule. Kwa hiyo yin na yang si wema na ubaya, wala si Mungu na shetani, kama wengine wanavyodhani. Ni mchana na usiku, joto na baridi, kuvuta pumzi na kuitoa, kazi na pumziko. Kila kimoja chamhitaji mwenzake. Mkulima afanyaye kazi bila kulala hufa, na alalaye bila kufanya kazi hufa njaa.

Katika zoezi, fikira hii hushuka hata kwenye nyayo. Mguu uchukuao uzito wa mwili waitwa uliojaa. Usiochukua uzito waitwa mtupu. Kutembea ni kuujaza mmoja na kuumwaga mwingine. Mtu ambaye miguu yake yote miwili imejaa nusu nusu kila wakati, walimu husema huyo ni mzito, rahisi kuangushwa.

Fikira ya pili yatoka kwa mhenga Laozi, ambaye Wadao wamtaja kuwa mwandishi wa kitabu chao kiitwacho Daodejing. Alifundisha kwamba kilicho laini huweza kushinda kilicho kigumu, akatoa mfano wa maji. Nasi twajua hayo. Tone la maji hutoboa jiwe. Upepo wa masika huung'oa mti mkubwa, lakini unyasi huinama, kisha huinuka tena.

Ndiyo maana wanafunzi wa tai chi wana zoezi la watu wawili liitwalo kusukumana mikono. Wasimama wakikabiliana, mikono yao imegusana. Mmoja asukuma, mwenziwe hampingi, wala hakimbii. Augeuza mwili kidogo, nguvu ya msukumaji yapita pembeni. Umewahi kusukuma kwa bega mlango uliodhani umefungwa kwa komeo, kumbe u wazi? Ulianguka ndani kwa nguvu zako mwenyewe. Hilo ndilo fundisho lenyewe. Agombanaye nawe hutaka umpinge. Usipompinga, hana pa kuegemea.

JE, HII SI DINI YA KIGENI?

Mzazi Mkristo ataniuliza hivyo, na swali lake ni la haki. Nitajibu wazi. Fikira nyingine nilizozitaja zilitunzwa na Wadao, nao wana dini yao na ibada zao. Lakini kusimama, kuvuta pumzi, kuinua mkono na kuhamisha uzito toka mguu hadi mguu si ibada. Ule mfululizo wa 1956 hauna sala wala sadaka wala sanamu. Karatasi nayo ilivumbuliwa na Wachina, nasi twaandikia sala zetu juu yake.

Wala si sisi wa kwanza kulitazama jambo hili. Mapadre Wajesuiti waliokaa Beijing katika karne ya 18 waliyaona mazoezi ya watawa wa Kidao, namna zao za kukaa, kusimama na kuvuta pumzi kwa ajili ya kutibu magonjwa. Hayakuwa tai chi yenyewe, bali ni ya jamii moja nayo. Mapadre hawakuyacheka, wala hawakuyameza yote. Waliandika habari zake, pamoja na michoro, zikachapishwa Paris mwaka 1779, ili wataalamu wa Ulaya wayapime. Huo ni mfano mwema: kupima kwanza.

Basi mwalimu akikufundisha kutembea na kupumua, jifunze. Akianza kukutaka uombe mizimu au ufanye ibada usiyoijua, hapo si zoezi tena. Ondoka, ukamwulize paroko wako.

KWA NINI POLEPOLE?

Vijana hucheka wakiona mwendo huu wa kinyonga. Nami nawauliza: mwendesha baiskeli huanguka lini, aendapo mbio au aendapo polepole sana? Huyumba aendapo polepole. Mbio zenyewe humsimamisha. Hali kadhalika mwili. Ukitembea haraka, haraka yako yaficha udhaifu wako. Mguu mmoja ukikosea, mwingine umekwisha kufika. Ukitembea polepole, lazima kila msuli ufanye kazi yake, tangu kifundo cha mguu mpaka kiuno. Jaribu kuinua mguu mmoja na kuuweka mbele kwa muda wa kuhesabu hata 10. Utaona paja latetemeka.

Na hapa ndipo penye jambo kubwa la makala haya, msomaji mpendwa. Mwili wa binadamu wajuaje kusimama bila kuanguka? Kwa njia 3. Ya kwanza ni macho. Ya pili ni sehemu ndogo iliyo ndani ya sikio, yenye majimaji, iuambiao ubongo kichwa kimeinama upande gani. Ya tatu ni hisia za nyayo, vifundo na magoti. Habari hizi zote hufika katika ubongo, nao huiamuru misuli. Kijana afanya hayo kwa kufumba na kufumbua. Mzee, macho yamefifia, nyayo zimekufa ganzi, misuli imelegea, na amri yachelewa kufika. Ajikwaa kwenye jiwe dogo, aanguka.

Kuanguka si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba watu 684,000 hivi hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na miongoni mwao wazee ndio wengi. Nasi twaona wenyewe. Bibi aliyekuwa akipalilia mahindi yake, akimlea mjukuu, aenda msalani usiku, aanguka, avunjika nyonga. Hospitali iko mbali, na upasuaji wataka fedha. Alala kitandani miezi, apata vidonda vya mgongo, kifua chajaa. Mara nyingi hainuki tena. Na yule mwingine aliyeanguka mara moja bila kuvunjika huogopa, akakaa kitako mchana kutwa. Kwa kukaa, miguu yadhoofika zaidi. Na kwa kudhoofika, aanguka tena. Hofu imemwangusha kabla ya jiwe.

MADAKTARI WALIVYOPIMA

Madaktari hawakutosheka na sifa za Wachina. Walipima. Katika jimbo la Oregon, Marekani, waliwachukua wazee 670 wenye miaka 70 na zaidi, ambao walikwisha kuanguka mwaka uliotangulia au walikuwa na shida ya kutembea. Wakawagawa mafungu matatu. Fungu moja lilifundishwa tai chi iliyorekebishwa kwa ajili ya wazee. La pili mazoezi mchanganyiko ya nguvu na kutembea. La tatu kujinyosha viungo tu. Wote walifanya mara 2 kwa juma, saa moja kila mara, kwa majuma 24. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018. Waliojinyosha walianguka mara 363. Wa mazoezi mchanganyiko, mara 218. Wa tai chi, mara 152.

Mwaka 2012, huko huko Oregon, walipima wagonjwa 195 wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Waliofanya tai chi walisimama imara zaidi kuliko wenzao waliofanya mazoezi mengine. Na mwaka 2016, huko Boston, watu 204 wenye maumivu ya magoti yaliyolika walipimwa. Waliofanya tai chi majuma 12 walipata nafuu sawasawa na waliotibiwa na wataalamu wa mazoezi ya viungo.

Angalia, sikusema walipona Parkinson. Sikusema magoti yalirudi ya ujana. Nimesema nafuu, na uimara wa kusimama. Kwa mzee hilo latosha kuitwa neema.

JARIBU MWENYEWE

Mfululizo wote wa mitindo 24 wataka mwalimu. Kila mtindo una jina zuri: korongo mweupe akunjua mabawa, mikono kama mawingu, kupakata gambusi, kumfukuza nyani, sindano chini ya bahari. Lakini msingi wake waweza kuuanza leo uani kwako.

Kwanza, kusimama. Chagua mahali tambarare pasipoteleza. Tanua nyayo upana wa mabega. Legeza magoti kidogo, yasipite ncha za vidole vya miguu. Mgongo wima, mabega yashuke, kidevu kiingie ndani kidogo. Walimu husema ujione kana kwamba utosi wako umening'inizwa kwa uzi. Mama achukuaye mtungi wa maji kichwani hahitaji kuelezwa zaidi. Shingo yake na mgongo wake wayajua hayo tangu utoto.

Pili, kuinua mikono. Vuta pumzi kwa pua huku ukiinua mikono mbele mpaka usawa wa mabega, viwiko vikiwa vimelegea. Toa pumzi huku ukiishusha. Usijikaze. Fanya mara 6.

Tatu, kuhamisha uzito. Peleka uzito wote polepole kwenye mguu wa kulia, hata wa kushoto uwe mtupu kabisa, uweze kuuinua bila kuyumba. Rudisha upande wa kushoto. Mara 10 kila upande.

Nne, hatua. Mguu mmoja ukiwa umejaa, nyosha ule mtupu mbele, gusa chini kwa kisigino bila kuupa uzito. Ukiona pako salama, ndipo uujaze. Ndivyo avukavyo mtoni mtu mwenye akili: haliamini jiwe kabla ya kulijaribu kwa mguu.

Mzee ashike mgongo wa kiti kizito au mwimo wa mlango, na kijana asimame karibu naye. Asivae ndala zitelezazo. Akiona kizunguzungu, maumivu ya kifua au goti lachoma, aache mara moja akapumzike. Aliyefanyiwa upasuaji au mwenye ugonjwa wa moyo amwulize mganga wa zahanati kwanza. Dakika 5 au 10 kila siku zafaa kuliko saa nzima mara moja kwa mwezi. Bandu bandu huisha gogo.

JIHADHARI NA WADANGANYIFU

Kila kitu chema kina waigaji wake. Wako watu wasemao kwamba kwa tai chi wanaweza kumwangusha mtu bila kumgusa, au kutibu kila ugonjwa kwa nguvu ya pumzi. Mwaka 2017, huko Chengdu nchini Uchina, mtu mmoja aliyejitangaza kuwa bingwa wa tai chi alipambana mbele ya watu na mpiganaji wa kisasa, Xu Xiaodong. Hakumaliza hata nusu dakika akawa chini. Wachina wengi walikasirika, lakini wenye hekima walikumbuka yale ya 1900: maneno hayazuii ngumi, wala risasi.

Basi usiache dawa ya shinikizo la damu kwa sababu wafanya tai chi. Usiache kwenda kupimwa malaria. Na mtu akikutoza fedha nyingi akikuahidi siri ya kale, mkumbushe kwamba siri ilikwisha chapishwa vitabuni zamani.

TUFANYE NINI?

Askari mmoja aliyeshindwa na vita alilea sanaa yake kijijini. Vizazi vikaitunza, mtumishi akaibeba mpaka mjini, wajukuu wakailainisha, na leo yamsaidia bibi kizee asianguke akienda msalani. Haikudumu kwa kuwa kali kuliko nyingine. Ilidumu kwa sababu ilikubali kubadilika ili itumike kwa wanyonge.

Wewe kijana mwenye nguvu, usingoje ajali. Leo jioni ipite njia yote toka mlango wa chumba cha bibi yako mpaka msalani. Ng'oa mawe, fukia mashimo, funga mti wa kushikilia penye utelezi, weka taa au tochi karibu na kitanda chake. Kisha kesho asubuhi mwite uani, mpe kiti cha kushikilia, simama kando yake, mfanye pamoja yale mambo manne niliyoyaeleza. Dakika 5 tu. Atacheka siku ya kwanza. Siku ya kumi atakuita yeye.